UZI: Wiki moja kwa baiskeli kwenye mashamba ya mizabibu ya La Rioja, Hispania. Njia, vijiji, gharama na ushauri

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna mdau aliuliza juzi kwenye uzi wa safari za Ulaya kama Hispania ina chochote cha maana nje ya Barcelona, Madrid na viwanja vya mpira. Jibu langu lilikuwa refu mno kwa komenti, nikaona nifungue uzi kabisa. Jibu ni La Rioja, kaskazini mwa nchi, bonde la mto Ebro. Na uende kwa baiskeli. Wengi wanaofika kule hupanda basi la watalii asubuhi pale Bilbao, wanaonjeshwa mvinyo kwenye viwanda viwili, jioni wanarudishwa hotelini. Wamekunywa, ila nchi yenyewe hawajaiona.

Nitangulize msimamo wangu ili tusibishane mbele ya safari: kilometa 30 hadi 40 kwa siku zinatosha. Najua wapo wanaume humu wa kilometa 100 kwa siku, nawaheshimu. Lakini eneo hili vijiji vinafuatana kila baada ya kilometa tano au sita, na kila kijiji kina kitu cha kukushusha kwenye kiti. Halafu kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja jioni maduka mengi yanafunga, watu wanakula na kupumzika. Anayekimbiza kilometa hufika kila mahali milango imefungwa. Ondoka saa mbili asubuhi, fika unakolala kabla ya saa nane, kula chakula cha mchana cha nguvu, lala kidogo kama wenyeji, kisha utoke jioni mtaa ukiwa umeamka. Chakula cha usiku usikitarajie kabla ya saa tatu.

Sasa nchi ilivyo. Ukisimama katikati ya bonde, kaskazini kuna Sierra de Cantabria, ukuta wa mawe wenye vilele vinavyopita mita 1,200. Kusini kuna Sierra de la Demanda, ambako kilele cha San Lorenzo kinapita mita 2,200. Ebro inapita kati. Ule ukuta wa kaskazini ndio unaozuia unyevu wa bahari ya Atlantiki. Kuna asubuhi unaona mawingu yanamwagika juu ya ukingo wa mlima kama maziwa yanayofurika sufuria, yanateremka kidogo, kisha yanayeyuka kabla ya kuigusa mizabibu. Bilbao kunanyesha, wewe uko Laguardia unajipaka mafuta ya jua, na umbali wa moja kwa moja haufiki kilometa 100. Mkishaliona hilo kwa macho, suala la kwa nini zabibu zilistawi hapa na si kule halihitaji mhadhara.

Njia ninayoipendekeza ni mzunguko unaoanzia na kuishia Haro. Unafika Haro kwa treni au basi kutoka Bilbao.

Siku ya kwanza usiende popote. Kaa Haro, tembea mtaa unaoitwa Barrio de la Estación, yaani mtaa wa stesheni. Karne ya 19 mashamba ya Ufaransa yaliliwa na filoksera, kadudu kadogo kanakoshambulia mizizi ya mzabibu. Wafanyabiashara wa Bordeaux wakakosa mvinyo wa kuuza, wakavuka milima ya Pirenei kuutafuta. Haro tayari ilikuwa na reli. Basi viwanda vikajengwa kando ya reli ile ile ili mapipa yapakiwe moja kwa moja kwenye mabehewa: López de Heredia mwaka 1877, CVNE mwaka 1879, na vingine vikafuata. Pipa la mwaloni la lita 225 unalolikuta leo kila handaki la Rioja ni lile lile la Bordeaux. Baadaye kadudu kale kalifika Rioja pia, lakini jina lilishajengeka.

Pale López de Heredia mtaona utando wa buibui umening'inia kwenye mahandaki, mweusi, mzito, haufagiliwi. Ni makusudi: buibui wanakula nondo wanaotoboa vizibo vya chupa. Na kwenye viwanda vya namna hii bado wapo wanaohamisha mvinyo kutoka pipa hadi pipa kwa mkono. Fundi anakinga kidogo kwenye glasi, anaimulika kwa mshumaa, anatazama rangi. Mvinyo ukianza kuwa na ukungu kwa sababu ya machicha, anafunga. Hakuna mashine pale, ni jicho na mshumaa. Mkikuta kazi hiyo inafanyika, simameni muitazame mpaka mwisho.

Kutoka Haro unapanda taratibu kusini kufuata mto Oja. Hapa pana kitu ninachokipenda sana kwa Wahispania. Reli zao ndogo zilipokufa hawakuziacha ziwe vichaka. Tangu mwaka 1993 wamekuwa wakizigeuza kuwa njia za baiskeli na waenda kwa miguu, zinaitwa vías verdes, na leo nchi nzima zinazidi kilometa 3,000. Hii ya Oja ilikuwa reli ya Haro hadi Ezcaray, ya upana wa mita moja kama reli yetu ya kati ya zamani, ilifunguliwa 1916 ikafungwa 1964. Njia yenyewe haifiki kilometa 30. Na kwa kuwa treni haikwei mlima mkali, hata wewe hutakwea. Unapanda bila kujijua, mizabibu inaisha, yanaanza mashamba ya ngano na viazi, kisha misitu, na unatokea Ezcaray, mji mdogo wa baridi wenye baraza za nguzo na mafundi wanaofuma mablanketi ya mohea, yaani manyoya ya mbuzi. Laleni hapo. Kesho yake ni mteremko mtupu mpaka Santo Domingo de la Calzada.

Santo Domingo wana kuku ndani ya kanisa kuu. Kuku hai, jogoo na tetea, weupe, kwenye kizimba cha mawe kilichochongwa juu ukutani. Hadithi yao ni kwamba kijana mmoja aliyekuwa akienda kuhiji Santiago, mji mtakatifu wa mahujaji Wakristo huko magharibi mwa Hispania, alisingiziwa wizi akanyongwa. Wazazi wake wakamkuta kwenye kitanzi bado yu hai. Wakakimbia kwa hakimu, naye yuko mezani, akawaambia kijana wenu ni mzima kama hawa kuku niliochoma. Kuku wakasimama kwenye sahani, jogoo akawika. Mpaka leo kizimba kinatunzwa na kuku wanabadilishwa mara kwa mara. Nimesimama pale na mahujaji wachovu wa miguu wakisubiri awike, na akiwika uso wa kila mtu unafunguka.

Toka barabara kuu, pita vijiji vya ndani kuelekea San Millán de la Cogolla. Kipande hiki kina vilima vifupi vya kuumiza, gari hupati kuliona kwa dakika kumi. San Millán kuna monasteri mbili, Suso ya juu mlimani na Yuso ya bondeni, zote Urithi wa Dunia tangu 1997. Suso baiskeli iache chini, unapanda kwa basi dogo la monasteri. Huko ndiko mtawa mmoja, karibu miaka elfu iliyopita, aliandika maelezo pembeni mwa kitabu cha Kilatini kwa lugha aliyokuwa akiongea mtaani, na maelezo mengine kwa Kibaski. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha ya watu wa kawaida wa eneo lile. Yuso wana vitabu vya nyimbo vya ngozi ya ng'ombe, vikubwa kiasi kwamba kimoja kinazidi kilo 40, vimehifadhiwa kwenye kabati lenye matundu ya hewa. Chini kuna tundu la paka: paka waliachiwa waingie kuwinda panya wasitafune ngozi. Mimi maktaba nyingi nimeona, ila mfumo wa utunzaji wenye paka ndani yake nimeuona pale tu.

Kutoka hapo mteremko tena mpaka Nájera, mji uliobanana chini ya majabali mekundu yenye mapango, kuna makaburi ya wafalme wa zamani wa Navarra. Nájera hadi Logroño unafuatana na njia ya mahujaji wa Santiago, kama kilometa 30. Njia ile ni ya waenda kwa miguu kwanza. Punguza mwendo, piga kengele mapema, salimia: "Buen camino", yaani safari njema.

Logroño ni mji, sitakaa nao sana. Nenda mtaa wa Laurel jioni, kila baa ina kitu kimoja inachojulikana nacho, unakula kimoja unahamia baa ya pili. Uyoga wa kukaanga kwa kitunguu saumu, wenye kamba mdogo juu yake na mkate chini, ule ukiwa wa moto.

Sasa Laguardia, na hapa ndipo ninapotaka mkae usiku mbili. Kutoka Logroño ni chini ya kilometa 20, ila unapanda, mji uko juu ya kilima zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, umezungushiwa ukuta. Magari hayaingii ndani. Sababu iko chini ya miguu yako: mji mzima umechimbwa mahandaki, zaidi ya 200, karibu kila nyumba na lake. Yalikuwa ya kujihifadhi na kuwekea vitu, baadaye wakagundua joto la huko chini halibadiliki sana kiangazi wala baridi, wakaweka mvinyo. Familia kadhaa bado zinatumia. Unashuka ngazi nyembamba za mawe, jua la nje la digrii 30 unaliacha mlangoni, jasho la baiskeli linakukaukia mgongoni. Vaa shati kavu kabla ya kushuka.

Asubuhi ya pili acha mizigo gesti, zunguka mashamba. Tazama mizabibu mikongwe iliyopandwa kila mmoja kivyake bila nyaya, shina nene limejikunja kama goti. Katikati ya mashamba utakuta vibanda vya mawe vya mviringo visivyo na saruji. Walikaa humo walinzi wa zabibu wakati wa kuiva. Kuna makaburi ya mawe makubwa ya watu wa kale, maarufu zaidi ni lile la La Chabola de la Hechicera karibu na Elvillar, na halina kiingilio. Viwanda vya kisasa navyo vipo: Ysios iliyochorwa na msanifu majengo Calatrava, yenye paa la mawimbi linalofuata umbo la mlima nyuma yake, na Elciego kuna hoteli ya Marqués de Riscal aliyoichora msanifu mwingine, Frank Gehry, ilifunguliwa 2006, mabati ya titani na chuma kisichoshika kutu, yenye rangi ya waridi, dhahabu na fedha. Wengine huja kwa ajili ya hoteli hiyo tu. Mimi kile kibanda cha mlinzi kimenikaa moyoni zaidi, kwa sababu kinaeleza zabibu ilikuwa mali kiasi gani kwa maskini.

Kurudi Haro unapita Samaniego, San Vicente de la Sonsierra yenye ngome juu ya Ebro, unavuka daraja hadi Briones. Briones kuna makumbusho ya mvinyo ya Vivanco, tenga saa tatu nzima. Tahadhari moja: kipande hiki unaelekea magharibi, na upepo wa bonde lile, cierzo, hutoka kaskazini magharibi. Ukiamka umeshika kasi, usishindane nao. Ongeza usiku mmoja Laguardia.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mdau

Mkuu, uzi umeshiba. Gharama je? Na visa kwa sisi wa pasipoti ya Bongo?

#3 Mleta uzi

Mkuu, visa ni ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifunike angalau euro 30,000. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari. Peleka mapema. Andika ratiba yako kijiji kwa kijiji na uambatanishe uthibitisho wa vyumba, ratiba inayoeleweka inakusaidia kuliko maelezo marefu.

Huko: kukodi baiskeli ya kawaida tenga euro 20 hadi 30 kwa siku, ya umeme zaidi ya hapo. Chumba cha gesti ya kijijini euro 50 hadi 80, na mkiwa wawili mnagawana. Chakula cha mchana ulizia "menú del día": sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo kwa bei moja, mara nyingi euro 13 hadi 18. Hicho ndicho kitakubeba, jioni utakula kidogo tu.

#4 Mdau (Zanzibar)

Assalaam alaykum. Mie sinywi, na kitimoto ndiyo kabisaa. Nitakwenda kufanya nini huko ndugu yangu?

#5 Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Utakwenda kuona nchi, na sikudanganyi. Baa zote za upande ule zinauza "mosto", maji ya zabibu yasiyochachushwa, baridi, aghlabu na kipande cha chungwa. Agiza bila kuona haya, wenyeji wenyewe wanakunywa, hakuna atakayekugeukia.

Chakula uwe macho. Viazi vya kienyeji vya "a la riojana" vina chorizo, hiyo ni nguruwe. Hata mboga mchanganyiko huweza kuwekewa vipande vya nyama kavu, kwa hiyo sema kabisa "sin cerdo, sin jamón", yaani bila nguruwe, bila paja lake lililokaushwa. Kimbilia samaki: bakalao kwa mchuzi wa nyanya na pilipili hoho, samaki wa mto, kimanda cha viazi. Nyama yenye uhakika wa halali vijijini hutaipata, hilo nikuambie mapema. Ule uyoga wa mtaa wa Laurel niliousema juu hauna nyama, ila muulize muuzaji kikaango hicho hicho kinapikia nini kingine.

#6 Mdau

Shikamoo kaka. Mimi nina miaka 54, baiskeli naendesha mtaani tu kwenda sokoni. Hiyo milima nitaiweza kweli? Na barabarani magari yao yakoje?

#7 Mleta uzi

Marahaba, ingawa hapo nadhani shikamoo inatakiwa itoke kwangu kuja kwako dada! Utaiweza. Chukua baiskeli ya umeme, na usione ni kudanganya, nusu ya wazee utakaokutana nao vilimani wanazo. Sehemu ngumu ni mbili: vilima vya kwenda San Millán na kupanda Laguardia. Pengine pote gia nyepesi zinatosha. Kabla ya kwenda, endesha kila wikiendi saa mbili mfululizo, si kwa ajili ya miguu tu, bali mwili uzoee kiti.

Magari: sheria ya Hispania inamtaka dereva akikupita aache mita 1.5 angalau, na barabara za vijijini wanaizingatia kwa kweli. Anakaa nyuma yako kwa subira mpaka njia iwe wazi. Wewe nawe una sheria zako: kofia ngumu ni lazima ukiwa nje ya mji, na giza likiingia lazima taa na kizibao cha kung'aa. Na hili niliseme kwa wote: askari ana haki ya kukupima kilevi ukiwa juu ya baiskeli, faini huanzia euro 500. Kiwandani huwa pana chombo cha kutemea, kitumieni. Kuonja kwa uzito kufanyike baada ya baiskeli kufungwa kwa usiku ule.

Mwezi wa tano na wa sita ni mizuri, au wa tisa na wa kumi. Saba na nane joto linapita digrii 30, kivuli kwenye mizabibu hakuna. Mnaopenda fujo ya heri, tarehe 29 Juni Haro wanapanda majabali ya Bilibio wamevaa nyeupe na kumwagiana mvinyo mpaka wote wawe zambarau. Vyumba siku hizo vinajaa mapema sana.

#8 Mdau (Dodoma)

Mkuu, mimi nina ekari mbili za zabibu Hombolo. Naomba unieleze kitu kimoja: wenzetu wanauzaje? Sisi mavuno mara mbili kwa mwaka lakini bei inatupiga.

#9 Mleta uzi

Mkuu, nimefurahi umefika, mimi mwenyewe mtoto wa Dodoma na nilipokuwa natembea kule niliwaza mashamba yetu muda wote. Wao wanavuna mara moja tu, kuanzia mwezi wa tisa kwenda wa kumi, na Tempranillo, aina ya zabibu nyekundu, ndiyo zao kuu. Wingi wa mavuno si tofauti yao na sisi. Tofauti ni kile kikaratasi cha nyuma ya chupa.

Eneo lote lina baraza moja la udhibiti, mizizi yake ni ya mwaka 1925, na mwaka 1991 Rioja ikawa ya kwanza Hispania kupewa daraja la juu la utambulisho wa asili. Baraza linaweka kikomo cha kilo kwa hekta, linapima, na kila chupa inapewa lebo yenye namba. Lebo ya kijani ni mvinyo usiobanwa na muda wa kukaa kwenye pipa. Nyekundu ni Crianza, miaka miwili, mmoja angalau kwenye pipa. Rangi ya damu ya mzee ni Reserva, miaka mitatu. Bluu ni Gran Reserva, miaka mitano. Mnunuzi wa Hamburg au Tokyo hamjui mkulima, anaamini lebo, na kwa sababu anaiamini analipa. Zabibu ya Makutupora inastahili ulinzi wa namna hiyo, nalisema hili kwa moyo wote. Bila chombo cha wakulima wenyewe chenye meno, mwenye kiwanda ataendelea kupanga bei.

La pili, zile familia za Laguardia zenye handaki moja hazishindani na viwanda vikubwa kwa wingi. Zinauza chupa mlangoni, kwa mgeni aliyekuja kwa baiskeli, akashuka ngazi, akaonja kutoka kwenye pipa. Hakuna dalali katikati.

Ukipata nafasi ya kwenda, lenga wiki ya tarehe 21 mwezi wa tisa. Logroño wanakuwa kwenye sherehe ya San Mateo, zabibu za kwanza zinakanyagwa kwa miguu hadharani na maji yake yanatolewa kwa Bikira wa Valvanera. Ila waandikie wenye mashamba mwezi mmoja kabla, wakishaanza kuvuna wengi hawapokei wageni. Nitumie ujumbe inbox, nikuandikie barua ya Kihispania ya kuwatumia.